Kanzu Nyeupe na Gamu la Tumbaku

Ukichuma tumbaku tangu alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, ikifika saa nne mikono yako huitambui. Gamu limeshika vidole. Mwanzo linanata kama utomvu wa fenesi, kisha linakuwa jeusi kama lami. Sabuni peke yake haiwezi kulitoa. Mama alikuwa akitusugua kwa mchanga na majivu, tunakaa kula, na tonge la kwanza la ugali bado ni chungu. Siku moja dada yangu alitapika palepale shambani, kichwa kikamzunguka, tukadhani ni malaria. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba nikotini hupenya kwenye ngozi, hasa majani yakiwa na maji, na kwamba mchumaji anaweza kulewa sumu ile bila kuvuta hata sigara moja.

Niliyakumbuka hayo mwezi uliopita nyumbani kwetu mkoani Tabora, upande wa Kaliua, nikiwa nimekaa kati ya watu wawili ninaowapenda. Mmoja ni kijana wa yule dada yangu, kamaliza chuo kikuu juzi. Mwingine ni kaka yangu, mwenye ekari nne za tumbaku na mabani mawili, yale majengo ya kukaushia majani. Kijana alisema, kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Mjomba, huwezi kusema unapenda haki halafu unalima kitu kinachoua watu na kumaliza misitu." Kaka hakukasirika. Aliuliza tu: "Na hicho chuo, mwanangu, umesoma kwa zao gani?"

Wakanigeukia mimi. "Mama mdogo, wewe ni mwalimu, sema." Sikuwa na la kusema pale. Ninalo sasa, ingawa si jibu walilolitaka wao.

Kijana wetu anajiita mtu wa maendeleo. Kwake neno hilo ni usawa wa mke na mume, haki ya anayetoka jasho, kuchukia rushwa, kuiacha ardhi ikiwa hai kwa watakaokuja. Kijijini neno hilohilo lina maana nyingine. "Yule ana maendeleo" ni yule mwenye nyumba ya bati, pikipiki, na mtoto aliye chuoni. Wapo wanaoicheka maana hii ya pili. Mimi siwezi kuicheka. Mama aliyewahi kuamka usiku wa mvua kuhamisha watoto kutoka kona inayovuja anajua kwamba bati nalo ni suala la utu. Wawili wale walikuwa wanatetea maendeleo wote, na ndiyo maana ugomvi wao ulikuwa mgumu kuuamua.

Upande wa kijana una nguvu. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya vifo milioni 7 kila mwaka duniani vinavyotokana na tumbaku. Tumbaku yetu nyingi hapa ni ya mvuke, hukaushwa kwa moto, na bani likishajazwa moto wake haulali kwa karibu wiki nzima, joto likipandishwa polepole hadi kufikia nyuzi 70 hivi. Moto huo ni wa kuni, na kuni hizo ni miti ya misitu yetu ya miombo. Ni mitundu na miyombo ileile ambayo nyuki wa Tabora huitegemea kwa maua, kwa hiyo kila mti unaoingia kwenye tanuri la bani umechukuliwa kutoka kwa mrina asali. Na anayekesha kuchochea moto ule ni nani? Nyumbani kwetu alikuwa mama, na sisi watoto kwa zamu, kisha asubuhi tunakwenda shule tukinuka moshi na kusinzia darasani. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na mkataba huo unazitaka serikali ziwasaidie wakulima kupata zao mbadala. Kijijini kwetu msaada huo sijauona.

Hapo ndipo upande wa kaka unapoanzia. Tumbaku ndilo zao ambalo mtu anakuletea mbolea kwa mkopo kabla ya mvua, na unajua kabla hujapanda kwamba mnunuzi yupo. Ukilima alizeti, mbolea utanunua kwa pesa yako, na gunia utalitafutia soko mwenyewe. Akiacha yeye, mnunuzi atachukua marobota ya jirani, na msitu utakatwa vilevile. Atakuwa ameosha mikono yake tu.

Kaka ana hoja nyingine ambayo aliitoa kwa maneno machache, nami naiongezea kwa sababu nafundisha historia. Watu wa huku wameletewa maendeleo mara nyingi, na kila mara aliyeyaleta hakuwa yeye aliyelipa yalipoharibika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, Urambo ikiwa mojawapo ya maeneo matatu pamoja na Kongwa na Nachingwea. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa. Mwaka 1973 kuishi katika vijiji vya ujamaa kukawa amri, watu wakaacha miembe ya babu zao wakaenda kuanza upya palipopimwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Waliotoa maamuzi yale wengi wao walikuwa na nia njema, tena walikuwa watu wa usawa kwelikweli. Ndiyo maana mkulima wa Tabora akisikia kijana msomi anamwambia "acha hiki, ni kwa faida ya wote", moyo wake unauliza: hasara safari hii ni ya nani?

Tabora ina neno lake katika mabishano ya namna hii. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU, chama kilichopigania uhuru, ulifanyika hapa. Wakoloni walikuwa wameleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na ili uandikishwe ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au wadhifa uliotambuliwa. Waafrika, karibu nchi nzima, walipewa theluthi moja ya viti hivyo. Wajumbe wengi walikuja na msimamo wa kususia, na kwa haki tupu walikuwa sahihi. Nyerere, kiongozi wa chama, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora, akasimama kutetea kuingia kwenye uchaguzi. Wazee husimulia kwamba alitoa mfano wa mtu aliyevaa kanzu nyeupe na shamba lake limeiva ng'ambo ya tope: akitaka kuvuna, hana budi kukanyaga. Mkutano ukakubali. Zuberi Mtemvu, aliyeupinga uamuzi huo, akajitoa TANU na kuanzisha chama chake.

Uamuzi ule wa Tabora tunauita Uamuzi wa Busara, na wengi tunaishia kwenye jina. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na TANU pamoja na wale iliowaunga mkono wakashinda. Kati yao walikuwamo Sophia Mustafa, Amir Jamal na Derek Bryceson, watu wasio Waafrika kwa asili waliosimama upande wa uhuru. Hapa pana jambo ambalo kijana wetu anapaswa kulitafakari: aliyekuwa mkali zaidi dhidi ya kura tatu, yaani Mtemvu, ndiye aliyetaka Afrika ya Waafrika pekee, na waliokubali kukanyaga tope ndio waliotoka ng'ambo wakiwa na nchi inayosema binadamu wote ni ndugu. Msimamo safi ulikuwa mwembamba. Mwaka 1960 kura tatu haikuwapo tena, na mwaka uliofuata tukawa huru.

Lakini nisimpendelee kaka. Kwanza, waliotaka kususia hawakuwa wajinga. Hawakuwa na njia ya kujua kwamba Mwingereza angelegea upesi hivyo. Angeng'ang'ania, TANU ingekuwa imeubariki ubaguzi kwa mikono yake. Pili, chama kilichozoea kushinda karibu kila kiti kilifikia mwaka 1965 kuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria, na watu waliokuwa na neno tofauti wakakosa pa kulisemea. Tope la njiani lilipita. Tope hili la pili lilikaa miaka zaidi ya ishirini.

Kinachoniudhi hasa ni jinsi "uamuzi wa busara" ulivyogeuzwa kisingizio. Anayepokea bahasha anasema ni busara. Anayenyamaza mnyonge akidhulumiwa anasema ni busara. Wanasahau kwamba ule wa 1958 ulijadiliwa mbele ya wajumbe, kwa sauti, na aliyeupendekeza aliweka uongozi wake rehani. Na ulikuwa na mwisho: tunaingia kwenye uchaguzi huu ili usiwepo mwingine kama huu. Busara isiyo na tarehe ya kwisha naiona ni mazoea tu. Kwa kipimo hicho kaka yangu ana kasoro, maana miaka yote amesema "nitaacha tumbaku" na hajawahi kusema lini.

Na bado, ukiniuliza nani kati ya wawili wale ameishi zaidi anachokiamini, nitasita.

Mbolea, viuatilifu na nyuzi huja kwa mkopo kupitia chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijijini, na deni hukatwa sokoni kabla mkulima hajashika shilingi. Mmoja asipolipa, mara nyingi wenzake ndio wanaoziba pengo. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano wa chama kimoja chini ya mwembe. Mjane mmoja alisimama, khanga kaifunga kiunoni, kijikaratasi chake kimekunjwa mara nne. Akasema: "Mimi nilichukua mifuko mitano. Hapa nimekatwa ya tisa. Hiyo minne ni ya nani?" Karani akafungua daftari, akafunga, akasema hesabu za pamoja ni ngumu kueleza. Watu wakatazama chini. Mwanamke yule alikuwa amechuma, amekesha kwenye bani, amepanga madaraja jani kwa jani, na miaka yote jina kwenye daftari lilikuwa la marehemu mumewe. Kaka akanyanyuka: "Asomewe. Mstari kwa mstari. Tutakaa hapa hadi jioni." Wakasoma. Mifuko miwili haikuwa na mwenyewe, miwili ilikuwa ya mtu aliyehama, na mjane akarudishiwa pesa zake. Uchaguzi uliofuata kaka hakuchaguliwa tena kwenye bodi ya chama. Hakunung'unika, na mpaka leo bado anaomba daftari lisomwe.

Nilimsimulia kijana kisa hiki akanyamaza muda mrefu. Alikuwa hakijui. Yeye haki za wanawake amezisoma na kuziandikia, na namheshimu kwa hilo, lakini jina la mjane wa jirani alikuwa halijui. Nami simlaumu sana, kwani na sisi tulimpeleka mjini akiwa mdogo ili asinuke moshi.

La imani nitalisema kwa kifupi kwa sababu linaniuma. Kanisani kwetu sigara ni dhambi, inahubiriwa waziwazi. Soko la tumbaku likishalipa, fungu la kumi linapokelewa kwa nyimbo, paa linaezekwa. Majirani zetu Waislamu wana swali lilelile kwa njia yao, sigara wengine wakiiita makuruhu na wengine haramu, na futari ya mwezi mtukufu imenunuliwa kwa tumbaku. Sisemi viongozi wa dini wazikatae pesa zile. Wangemkataa mama yangu. Ninachowaomba ni kwamba wanaotuombea mvua ya tumbaku watuombee pia njia ya kutoka, na wasiishie kwenye maombi. Nyumba za ibada zina mashamba, zina vijana, na waumini wanaziamini kuliko ofisi yoyote. Mizinga mia ya nyuki iliyotundikwa na waumini, mbali na mashamba yenye viuatilifu, ingekuwa mahubiri ambayo kaka yangu angeyasikiliza.

Wiki iliyopita nilimpigia simu. Baada ya salamu nikamwuliza: "Kaka, lini?" Alinyamaza, nikasikia kuku na mtu akitwanga. Akasema mtoto wake wa mwisho yuko chuo cha uuguzi, amebakiza misimu miwili, na ada ile hakuna alizeti itakayoilipa. Nikamwambia ya msimu mmoja naichukua mimi. Kijana, ambaye ameanza kazi juzi, amesema atanunua mizinga kumi na atakuja mwenyewe kuitundika, na pia atakwenda kwenye mkutano wa chama kusikiliza daftari likisomwa. Kaka alicheka, akasema tutaona.

Jana usiku kijana alinitumia picha. Ni ukuta wa bani la pili, udongo umepasuka pembeni. Kaka ameandika kwa mkaa, kwa mwandiko wake ule wa herufi kubwa: MWISHO, na chini yake mwaka.