Kilo Moja Watu Wanane

Mpishi aliniambia wazi: pilau, kilo 1 ya mchele watu 8. Kadi nimegawa za watu 60. Nikagawanya kwenye simu, ikaja saba na nusu, nikaongeza nusu ya ukarimu, nikaandika kilo 8. Soda moja na nusu kila kichwa, chupa 90. Kreti ina 24, basi kreti 4, na 6 zinabaki za dharura. Saa mbili usiku kipaimara cha mwanangu nilikuwa nimeshakimaliza kwenye daftari.

Mama Deni akaliangalia lile daftari kama anavyoangalia nyanya nilizonunua mimi.

"Baba Deni, shangazi yako umemwandika mtu mmoja?"

"Kwani ni wangapi?"

"Watatu. Yeye, hotpoti lake, na mjomba aliyebaki nyumbani na mguu."

Akataka kilo 15 na kreti 7. Nikamwambia hizo ni hesabu za uoga. Tukavutana mpaka tukakutana kwenye 10, soda zikabaki zangu.

Kadi ilisema saa nane. Saa nane tulikuwepo mimi, mpishi na mbwa wa jirani. Saa kumi na moja wakamiminika kama wameshushwa na basi moja. Kadi moja ya dabo ilileta watu 6: mume, mke, watoto watatu na dada wa kazi, eti wasingeweza kumwacha peke yake. Huyo dada wa kazi simlaumu, ndiye pekee aliyeomba chakula kidogo.

Lakini kosa kubwa lilikuwa langu. Pilau haimalizwi na wageni, pilau inamalizwa na upawa. Anayepakua nyama inatakiwa awe hana ndugu pale shughulini, hana deni, na ikiwezekana hata jina lake lisijulikane. Mimi nikamweka shemeji yangu, mtu anayejuana na foleni nzima! "Aah, mama mkubwa, ongeza hapo." Watu 20 wa mwanzo waliondoka na milima, minofu minne juu, ndizi imelala pembeni haina pa kukaa. Mtu wa 40 hajafika, nikasikia upawa unakwangua chini ya sufuria. Ile sauti baba mwenye shughuli unaisikia mpaka mfukoni. Mama Deni akaja kimya, akamnyang'anya upawa, akamkabidhi kisahani cha chai.

Na kubeba je? Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 nilifurahi, nikajua sasa watu watakula na kuondoka mikono mitupu. Wapi! Rambo ilikuwa na adabu zake, inabeba sahani moja na inavuja. Siku hizi mtu anakuja na kindoo cha lita 5 chenye mfuniko, kimenawishwa kabisa.

Soda sitaki kuzizungumzia. Watoto wanafungua tatu, wanaonja rangi, wanaacha.

Mimi nilikuwa mlangoni, "karibuni, kuleni mshibe," kinywa kimekauka. Nilipofika jikoni nilikuta ukoko, nao nikagombania na mpishi, anadai ni haki yake kwa mila.

Jumapili jioni nikahesabu chupa tupu, zimepungua 11, na mwenye duka anataka chupa au hela. Nikaanza na jirani. Kabla sijafungua mdomo, mama wa watu akaniwahi: "Baba Deni, karibu chakula, ni kiporo tu." Nikanawa. Pilau, kachumbari, minofu mitatu. Maji ya kunywa yamewekwa mezani ndani ya chupa zangu 2.

Akaniuliza pilau nimeionaje. Nikamwambia mpishi anajua kazi yake, ila kwenye nyama kidogo amezidisha.