Ukinunua chombo cha chuma cha zamani: anza na ngama, matanga baadaye

Desemba 1982, tufani ilitupa zaidi ya vyombo 20 vya matanga ufukweni Cabo San Lucas, Meksiko. Kimoja kilikuwa Joshua, chombo cha chuma ambacho Mfaransa Bernard Moitessier alikuwa amezunguka nacho dunia peke yake mwaka 1968 na 1969. Milingoti ilianguka na mchanga ukajaa ndani, lakini chuma kilistahimili. Chombo kikarudishwa majini, na baadaye kikahifadhiwa na makumbusho ya bahari ya La Rochelle, Ufaransa.

Watetezi wa chuma hupenda kisa hiki, na wana haki. Bati la chuma likigonga mwamba hubonyea kabla ya kupasuka. Tena, mchomeleaji hupatikana karibu kila bandari. Kwa anayekusudia bahari zenye barafu, au visiwa ambavyo ramani zake haziaminiki, sioni hoja nzito kuliko hii.

Upande wa pili huanza na uzito: upepo ukiwa mwepesi, chombo hujikokota. Dira nayo hupotoshwa na chuma, ingawa hilo hurekebishika. Ila kinachoamua yote ni kutu, na hasa kutu ya ndani, kama ile ya kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo.

Nje kuna rangi, kuna vipande vya zinki vinavyoliwa badala ya chuma, na kila mtu anapaona. Ndani, jasho la baridi huteremka kwenye bati, maji yanayovuja madirishani hulifuata, na yote hutuama pale mataruma, yaani mbavu za chombo, yanapokutana na bati, chini ya matangi na ndani ya sanduku la mnyororo wa nanga. Katika vyombo vya mita 12 hivi, bati hilo mara nyingi lina unene wa milimita 4 hadi 6 tu. Jicho nalo hudanganya pande zote mbili: kutu huvimba kuliko chuma ilichokila, hivyo rundo la magamba laweza kuwa hasara ndogo, huku rangi laini ikifunika bati lililobaki jembamba. Ndiyo maana kipimo cha unene kwa mawimbi ya sauti ni cha lazima. Hata hicho hupima nukta moja moja. Mpimaji asiyefika chini ya injini hajapima chochote cha maana.

Wanunuzi wengi hukosea hesabu hapa. Bati jipya si ghali sana. Gharama iko katika kung'oa makabati, nyaya na sponji ya kuzuia joto, ambayo ikishika moto hutoa moshi wa sumu, kisha kuvirudisha vyote. Baadhi ya wauzaji hukwepa kazi hiyo kwa kuchomelea bati jipya juu ya lililooza. Kiraka cha namna hiyo hufungia unyevu katikati, na kwangu ni sababu tosha ya kushusha bei sana au kuondoka.

Kwa hiyo, kati ya chombo chenye rangi iliyochakaa lakini sakafu zake zote zinafunguka, na kingine kinachong'aa ambacho mbao zake za ndani zimegundishwa daima, ningechukua cha kwanza bila kusita. Rangi ya nje hupakwa upya chombo kikiwa chelezoni. Bati lisilofikika halikaguliwi wala halipakwi rangi, na bahari kuu haisubiri mwenyewe aligundue.