Reli ya karanga na suruali yangu

Kwa kuwa kuna mtu ameshaisambaza ile video, tena ameikata vipande kwa roho mbaya, acheni niseme mwenyewe. Sikupagawa. Wala sikuwa nacheza sindimba.

Tulikuwa nje kidogo ya Nachingwea tunatafuta reli ya karanga. Watu wa kusini hadithi mnaijua: mwaka 1947 Mwingereza kaja na matrekta yake, mengine yalikuwa vifaru vya vita vimegeuzwa, eti Tanganyika imlimie karanga kwao wapate mafuta ya kupikia. Akajenga na reli ya kuzishusha pwani. Karanga zikagoma. Mwaka 1951 mpango ukazikwa, reli ikajikokota mpaka 1962 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Kilichobaki ni tuta lililonyooka katikati ya mikorosho, na kalavati hapa na pale.

Babu mmoja mwenyeji ndiye aliyetupeleka. Nikapanda tuta, nikamwambia rafiki yangu, "Rekodi." Nikaanza somo: "Ndugu watazamaji, hapa niliposimama..."

Hapo niliposimama palikuwa na siafu.

Sasa siafu, mnaowajua mnajua, hawana papara. Wanapanda kimyakimya. Soksi. Goti. Wanajipanga. Mimi naendelea, naonyesha kwa kidole reli ilivyoelekea Mtwara. Nikahisi kitu kwenye paja. Nikajikuna kistaarabu, si kuna kamera? Kikahamia juu. Nikasema, "Upana wa reli ulikuwa mita moja," na kwenye hiyo "moja" wakauma wote kwa pamoja, kama waliopigiwa filimbi. Wapi, msiniulize, humu kuna watoto.

Mkanda ukagoma kufunguka. Nikaruka kwa mguu mmoja, nikazunguka, nikavuta, suruali ikafika magotini na hapo ndipo iliponiangusha, chali, juu ya kokoto za Mwingereza. Nafumbua macho, akina mama wanatokea mikoroshoni, wametoka shamba, majembe begani. Wamesimama. Wananitazama. Na mimi, malezi ni malezi, nikiwa palepale chini, miguu juu, nikasema:

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia, wote, taratibu kabisa. Hiyo marahaba inaniuma kuliko siafu.

Babu naye hata fimbo hakuitikisa. "Mjukuu wangu," akauliza, "sasa reli unaitafuta humo?"

Mengine mafupi. Suruali niliitupa huko, mama mmoja akanirushia kanga, nikapanda bodaboda mpaka mjini nimejifunga kanga iliyoandikwa WASEMAO WASEME. Na walisema. Rafiki yangu yuko nyuma kwenye bodaboda nyingine, bado anarekodi. Tulipofika dereva akataka nauli yake. Pochi iko kwenye suruali. Suruali iko kwenye tuta, na ina wenyewe.