Bwana Harusi Asiyealikwa

Waliounda Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani, hawakumfikiria mtu wa pwani. Bati lake ni jembamba, kinga ya chini ni ya kubahatisha, na bodi nzima ina vijishimo vya kukusanyia maji. Linaoza chini ya betri, linaoza kwenye matao ya magurudumu, na sakafu nayo inaoza mpaka unaiona lami ikipita kati ya miguu yako. Sasa gari hilo lilete Mombasa, ambako kufuli likilala nje msimu mmoja wa kusi linaukana ufunguo wake. Unachofuga hapo ni kutu yenye logibuku.

Nililikuta Kisauni, chini ya mwarobaini, kwa familia iliyotaka nafasi kuliko ilivyotaka pesa. Bei tulikubaliana upesi. Aliyetuchelewesha ni kuku. Alikuwa ameatamia nyuma ya viti, na mama mwenye nyumba akaapa kwamba gari halivutwi mpaka mayai yaanguliwe. Siku liliposhushwa nyumbani Tudor, mama watoto alilizunguka polepole, mkono kiunoni, akaniuliza, "Na lililobaki linakuja lini?"

Ningemjibu, ila ami yangu alikuwa amekwisha kuanza. Mzee wa Mombasa usimtajie 240Z kama una haraka. Atakupa 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller waliposhinda Safari Rally kwa gari hilo, Shekhar Mehta akawafuata wa pili kwa 240Z nyingine. Halafu atakupa 1973, Mehta mwenyewe na Lofty Drews, walipolingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS, ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike ndipo Mehta apewe kombe. "Pointi sawasawa!" ami hupiga goti. "Nchi nzima imezungukwa, matope mpaka paani, halafu pointi sawasawa! Na wewe unakaa kutazama mpira." Kila akiisimulia, tope huongezeka. Safari hii lilikuwa limefika shingoni, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosukuma.

Kazi ya bodi sitaieleza sana, maana aliyewahi kusugua kutu anaijua na asiyewahi asianze. Sakafu ilikatwa yote ikachomelewa bati jipya. Vipande vidogo tuliviloweka kwenye beseni la maji na magadi, nje uani kwa sababu ya gesi yake: waya hasi wa chaja ya betri kwenye kipande chenye kutu, waya chanya kwenye nondo mbovu. Mapovu yanapanda, maji yanageuka rangi ya chai ya jana, na asubuhi kutu inatoka kwa mswaki. Beseni lenyewe lilikuwa la kuoshea mchele wa pilau. Suala hilo bado liko kwenye mazungumzo.

Nitakalolieleza ni kabureta, zile zinazochanganya hewa na mafuta ya injini, kwa sababu ndizo zilizotutoa nyumbani. Injini ya 240Z ni ya silinda sita, lita 2.4, na ina kabureta mbili, kila moja inalisha silinda tatu. Zisipovuta hewa sawa, silinda tatu zinafanya kazi na tatu zinabebwa. Fundi wangu, mtu wa Majengo aliyesoma injini kwa masikio, hana kipimo wala hakitaki. Ana kipande cha mpira wa maji. Ncha moja anaitia sikioni, nyingine anaiweka kwenye mdomo wa kabureta, anafumba macho na kidole kimoja juu ili dunia inyamaze.

"Hii ya mbele yasema sss," anasema. "Hii ya nyuma yasema shhh." Anagusa skrubu kidogo tu, upana wa ukucha, anasikiliza tena.

Watoto wa mtaa walijaa getini. Mmoja akauliza fundi anazungumza na nani. Mwenzake akamwambia anapiga simu Japani.

Ijumaa hiyo nimetoka swala ya alasiri, niko na kanzu nyeupe na kofia yangu ya vito, nakuta fundi ameridhika. "Shehe, zote zasema sss. Lakini kabureta haipimwi gari likiwa limesimama. Twende Buxton turudi."

Nilimkumbusha kwamba stata haipo, iko kwa mtu wa kusuka waya. Akasema watoto watasukuma. Nikamkumbusha kwamba komeo la mlango wa nyuma bado liko kwenye beseni. Fundi akatazama kulia, akatazama kushoto, akanyoosha mkono kwenye kamba ya nguo, akachomoa leso. Leso mpya, nyekundu, ya Biashara Street, haijavaliwa hata mara moja, imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Akaufunga mlango wa nyuma kwenye bampa kwa fundo kubwa la kupendeza, ncha mbili zikabaki zinapepea.

Sasa litazame gari kwa macho ya mpita njia. Leupe, limetoka rangi juzi. Nyuma lina fundo la leso nyekundu. Ndani kuna mtu wa kanzu na kofia ya vito, na kando yake kijana mmoja anayetokwa na jasho. Watoto wakasukuma, likawaka, na kwa kuwa limewaka wakashangilia mpaka nje ya mtaa.

Honi ilianza tulipokata kona ya kwanza ya kushoto. Nilidhani nimegusa kitufe. Nikanyoosha usukani, ikanyamaza. Kona nyingine ya kushoto, ikalia tena.

"Waya umechubuka kwenye usukani," fundi akasema, ametulia kabisa. Akanieleza: honi ina umeme wakati wote, na kitufe kazi yake ni kuugusisha waya kwenye chuma cha bodi tu ili mzunguko ukamilike. Ukikata kushoto, waya uliochubuka unajigusisha wenyewe. Nikamwambia achomoe fyuzi. Akacheka. Mwenye gari wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa ameiunga honi moja kwa moja kwenye betri.

"Basi tusikate kushoto," akasema fundi.

Ushauri huo una mantiki ukiwa umekaa barazani. Ukiwa barabarani, tena nchi inayoendesha upande wa kushoto, maana yake ni kwamba kila kona unayoruhusiwa inakupitisha mbele ya magari yote yanayokuja. Na kusimama hatukuweza. Ukiondoa mguu kwenye mafuta injini inazimika, kwa sababu sss na shhh za uani si sss na shhh za Digo Road, na ikizimika hakuna stata. Kwa hiyo tukashuka Digo Road, Marikiti ikapita, tukakata kulia kuingia Haile Selassie, kulia tena kuelekea Mwembe Tayari, nami nakanyaga klachi na mafuta kwa zamu huku nikiwaomba radhi wenye mikokoteni kwa mkono.

Kulikuwa na shimo. Shimo la kawaida tu, mtu wa Mombasa halihesabu. Gari liliruka, usukani ukatetemeka, na honi ikalia ikakataa kunyamaza, kushoto, kulia, wima.

Honi ya Ijumaa jioni, gari jeupe, leso nyuma. Tuktuk ya kwanza ilijiunga hapo hapo ikiitikia pii-pi-pii. Ikaja ya pili. Zikaja bodaboda zikiyumba mbele yetu kwa madaha, mmoja amesimama juu ya kiti. Mama mmoja kwenye dirisha la ghorofa akapiga kigelegele kirefu ajabu. Fundi akampungia mkono.

"Usimpungie!"

"Ni adabu tu, shehe."

Kando ya barabara palikuwa na pikapu iliyopakia vijana wa tarumbeta, sare moja, wamekaa wanatazama saa. Hawa walikuwa wamekodiwa kumsindikiza bwana harusi fulani aliyekuwa amechelewa. Walipotuona waliruka kwa miguu yao, ngoma ikalia, pikapu ikachomoka na kutangulia mbele yangu. Mbele tarumbeta, nyuma tuktuk, ubavuni bodaboda. Hapo suala la kona za kulia na kushoto likaisha lenyewe. Nilikwenda nilikopelekwa, yaani ndani kabisa ya Majengo, kwenye kichochoro chenye hema, viti vya plastiki na akina mama ambao nadhani walikuwa wamesubiri tangu adhuhuri.

Pikapu ikasimama, nami nikasimama, injini ikazimika. Honi haikuzimika.

Milango ikafunguliwa kwa nje. Moshi wa udi ukaingia kwanza, kisha marashi, mrashi mzima usoni, kisha mikono. Nilitolewa garini kwa heshima kubwa na bila hiari. Nilisema mimi siye. Hakuna aliyesikia: honi, tarumbeta, dufu na vigelegele vyote kwa pamoja, na mtu mzima anayesema "mimi siye" akipanua mdomo anaonekana tu kama bwana harusi mwenye hofu.

Mlangoni alikuwa amesimama shangazi. Kila harusi ina shangazi wa mlango, na huyu alikuwa mkubwa wao, ameutanda mlango wote kwa leso na mwili. Akanitolea kiganja. Nikamsogelea sikioni, nikapiga kelele:

"Shangazi, mimi si bwana harusi!"

Akanipiga begani kwa upendo. "Wote husema hivyo! Hata wa dada yake alisema hivyo! Fungua mlango kwa pesa, si kwa maneno!"

Nikatia mkono mfukoni. Zilikuwa pesa za mtu wa stata. Nilimpa noti moja nikitarajia atanisikiliza, akaiangalia kama mtu aliyepewa tikiti ya daladala iliyokwisha kutumika. Nikampa ya pili. Nyuma yangu kwaya ya akina mama ikaimba kwamba biharusi si wa bei hiyo. Nikampa zote. Mlango ukafunguka kidogo, nikaona zulia, mito, na mwisho wa zulia miguu miwili yenye hina. Nikarudi nyuma haraka. Wakanisukuma mbele haraka zaidi.

Wakati huo fundi yuko kwenye boneti. Boneti ya 240Z hufungukia upande wa kioo, bawaba zake ziko mbele, kwa hiyo yeye alikuwa ameinama ubavuni, nusu yake imo ndani, na mtoto mmoja mwenye mrashi wa ziada anamnyunyizia nusu iliyobaki. Spana hana. Anapapasa waya wa honi kwa vidole, mmoja baada ya mwingine.

Nami nimeshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"MIMI NINA MKE NA WATOTO WATATU!"

Fundi aliung'oa waya katikati ya sentensi. Tarumbeta nao walikuwa wamepumzika kubadilisha wimbo. Kichochoro kizima, hema, paa, madirisha ya majirani, wote walipata neno kwa neno, kuanzia "mke".

Shangazi akanitazama kwa mara ya kwanza vizuri. "Watatu?"

"Watatu, shangazi."

"Na wazazi wako waliposa hapa wakanyamaza?"

Kabla sijajibu, Toyota moja ya kijivu iliingia kichochoroni polepole, bila honi, bila tarumbeta, bila mtu yeyote kuigeukia. Akashuka kijana aliyevaa joho, jasho limemtota, na wazee wake nyuma. Alitazama umati uliompa mgongo. Alinitazama mimi mlangoni. Halafu akaliona gari, na uso wake ukabadilika kabisa.

"Hiyo ni 240Z?"

Nikasema ndiyo. Akapita katikati ya watu waliokuwa wakimngoja tangu adhuhuri, akaenda kuinama kwenye boneti kando ya fundi. "Kabureta zake zenyewe hizi? Mbili? Hamkubadilisha?" Fundi akamtolea kipande cha mpira mfukoni. Ilibidi baba yake amshike joho kwa nyuma.

Shangazi alipomtolea kiganja, kijana, ambaye naona ana akili ya biashara, akasema mlango umekwisha kulipiwa, kila mtu ameona. Shangazi akasema aliyelipa ni mwingine. Nami nikaona nafasi yangu, nikauliza kwa adabu kama basi zile zangu zinaweza kurudi, maana ni za stata.

"Pesa za mlango hazirudi, mwanangu," akasema, akizitia kifuani. "Kwani haukufunguka?"

Kijana akalipa zake. Sisi tukawekwa hemani tukaletewa sinia, na fundi akala kama mtu aliyekodiwa kwa kazi hiyo. Nilikuwa nikitafuta nyama ya kwanza simu ilipotetemeka. Shemeji yangu, ambaye anakaa Majengo na ana simu yenye kamera nzuri, alikuwa amemtumia dada yake video, na dada yake akaniletea mimi. Chini yake ameandika: "Hongera kwa harusi. Leso yangu itangulie kurudi, wewe usiwe na haraka."