Bruno alipigwa sana na bado ni mtu wao

Kuna jambo la hapa Uingereza limenifurahisha na kunikera kwa wakati mmoja, na nisipoliandika nitalala nalo tena leo.

Kazini kwetu kuna mzee mmoja Mwingereza anaendesha folklifti, mtu wa kununa, ukimsalimia asubuhi anakujibu kwa kutikisa kichwa tu na siku nyingine hata hicho kichwa hakitikisiki. Juzi tupo kantini, tivii iko wazi, akatokea Frank Bruno, yule bondia wao wa zamani. Kazeeka lakini mabega bado kabati zima, anaongelea mambo ya afya ya akili. Yule mzee akaiacha chai yake, uso ukafunguka, meno yake nikayaona kwa mara ya kwanza. Anasema "Frank!" kwa sauti ya mapenzi kabisa. Sasa mimi na ubishi wangu wa Kibongo nikamwambia lakini si huyu ndo Tyson alimpiga mara mbili? Akajibu ndio, na Witherspoon alimpiga, na Lewis alimpiga, na Bonecrusher naye alimpiga. Kawataja wote bila aibu wala kujitetea, halafu akarudi kwenye chai yake.

Jamani. Kwetu ukiulizwa swali lile kuhusu bondia wako lazima uanze kwanza kutukana promota, ufuate mwamuzi, umalizie na uchawi.

Kwa wadogo zangu ambao Bruno hamumjui, huyu jamaa kazaliwa Hammersmith London 1961, baba katokea Dominica mama Jamaica. Utotoni alikuwa mtukutu mpaka wakampeleka shule ya bweni ya watoto wakorofi huko Sussex. Akiwa kijana akachukua ubingwa wa ridhaa wa uzito wa juu, kutaka kwenda ngumi za kulipwa macho yakawa na tatizo, ikabidi asafiri mpaka Colombia kufanyiwa upasuaji ndo akaruhusiwa. Kaanza 1982, mapambano 21 ya mwanzo yote kashinda kwa KO, Waingereza wakajua sasa tumepata mtu. Mei 1984 Wembley akapewa James Smith, yule wa kuitwa Bonecrusher, Bruno anaongoza vizuri tu kwa pointi, raundi ya kumi ambayo ndo ya mwisho, chini.

Kwetu stori inaishia hapo, siku ya pili tu ana jina jipya la utani na mitaani hapiti.

Wao wakaendelea naye. 1986 wakajaa tena Wembley kama elfu arobaini anagombea mkanda wa dunia na Tim Witherspoon, raundi ya 11 kasimamishwa. Februari 1989 kaenda Las Vegas kwa Mike Tyson, Tyson yule wa moto ambaye watu wazima walikuwa wanashindwa kabla ya kengele. Bruno kaangushwa sekunde za mwanzo kabisa, kainuka, na kabla raundi haijaisha kamchapa Tyson ngumi ya kushoto mpaka Tyson kayumba, na mtangazaji wa BBC, Harry Carpenter, mzee wa heshima zake, akasahau kazi iliyompeleka akaanza kumhimiza Frank aingie ammalize. Hakummaliza, raundi ya tano mwamuzi kaingia kati. 1993 Cardiff kapigwa na Lennox Lewis raundi ya saba. Mara tatu anataka mkanda, mara tatu anarudi na uvimbe, na kila akirudi wanamkuta kwenye matangazo ya sosi ya HP na kwenye maigizo ya Krismasi anachekesha watoto. Tiketi wananunua tena.

Mpaka Septemba 2, 1995, palepale Wembley, kashinda kwa pointi dhidi ya Oliver McCall. Raundi za mwisho hana mguu hana pumzi, anakumbatia tu asianguke, uwanja mzima unahesabu sekunde naye. Kakaa na mkanda miezi sita na ushee, Machi 1996 Tyson akaja akauchukua raundi ya tatu, na ngumi zikaishia hapo. Jumla mapambano 45, kashinda 40, hizo 38 ni KO. Ukiangalia namba utaona hakuwa mtu wa kubahatisha, lakini ukweli ni kwamba kila alipokutana na mkubwa wa kweli wa zama zile alipigwa, na hii nchi yote inajua, na inampenda hivohivo.

Sasa najua mnakuja. "Huyu kakaa Ulaya kidogo keshaanza kutufundisha ubinadamu." Tulieni kwanza. Mimi huku sijaja kuabudu. Jirani yangu tunapishana ngazi kila siku na hajawahi kujua naitwa nani, mvua zao mnazijua, chakula chao nisikiongelee. Na hao hao wapenda Bruno nitawasema sasa hivi msiwe na haraka. Na kama mnataka kuniita kibaraka wa wazungu basi mjue hata Bruno mwenyewe aliitwa hivo, tena na weusi wenzake, eti anachekacheka sana na wazungu. Siku ile ya McCall kapata mkanda alioutafuta miaka yote, badala ya kuringa analia mbele ya kamera anajitetea kwamba yeye si msaliti wa watu wake. Fikiria, siku ya ushindi wako unatumia dakika zako kujibu maneno ya watu. Kwa hiyo andikeni tu, nina mfano mzuri mbele yangu.

Ninachosema ni kimoja. Sisi hatupendi bondia, tunapenda mkanda. Siku mkanda ukitoka kiunoni yule mtu hatumjui, na kibaya zaidi tunafurahia.

Mnamkumbuka bondia wetu Mwakinyo, Birmingham, Septemba 2018? Siku ile pambano kubwa lilikuwa la Amir Khan na Samuel Vargas, kijana wetu wa Tanga kaitwa dakika za mwisho kujaza nafasi, kaja hapa kama mtu wa kupigwa alipwe arudi. Sam Eggington raundi ya pili hoi, mwamuzi kaokoa. Aisee wiki ile nilitembea hapa kama mkanda nimechukua mimi. Kila Mbongo Uingereza ghafla alikuwa anamjua Mwakinyo toka yupo mdogo, kila mtu ana binamu wa Tanga.

Halafu Septemba 2022 Liverpool, kapigwa na Liam Smith, raundi ya nne. Kaumia mguu, habari za begi kupotea na viatu kumbana, na mimi hapa simtetei, watu wana haki ya kuuliza maswali, hata mimi nilikuwa nayo. Lakini kilichofuata hakikuwa maswali. Ilikuwa sherehe. Vikatuni vya viatu usiku ule ule, watu walewale wa 2018, binamu wa Tanga wote hawapo. Na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuangalia huyo Smith ni nani. Huyo alishakuwa bingwa wa dunia wa WBO, moja ya mashirika makubwa ya ngumi, na Januari 2023, miezi minne tu baadaye, kamwangusha Chris Eubank Jr Manchester, raundi ileile ya nne. Eubank Jr huku ni jina kubwa, na mtoto wa bingwa. Walimtania? Walimtania sana, Waingereza kwa utani hawajambo. Lakini Septemba wakaenda tena kumwangalia anarudiana na Smith, na akashinda yeye. Yaani waliacha mlango wazi arudi, sisi wa kwetu tunaufunga na komeo.

Mshkaji wangu mmoja yuko Mbagala nilimwambia haya kwa WhatsApp akanijibu kitu ambacho bado kinanisumbua. Kasema kaka, hao wana uwezo wa kumpenda aliyeshindwa kwa sababu aliyeshindwa huko hawezi kuja kukukopa. Bondia wetu akipigwa Jumamosi, Jumatatu yupo kwenye bodaboda au yupo mlangoni kwako. Bruno kapigwa na Tyson karudi na hela ya kununua nyumba kubwa. Na ana hoja, sikatai. Wewe unayesoma unajua mwenyewe mabondia wetu wanalipwaje, unajua ahadi za mapromota, unajua "tutakumalizia wiki ijayo", sihitaji kueleza. Ukiwa maskini unataka wa kukutoa kimasomaso, na akishindwa unaona kakuibia wewe binafsi. Hilo nalielewa mpaka kwenye mifupa.

Ila matusi hayapunguzi deni la mtu. Kutomtukana ni bure kabisa, hata bando utaokoa.

Na tena sio kwamba hatujui kusamehe. Yanga walikula tano za Simba 2012, wakasubiri, 2023 wakarudisha tano kwa moja, na katikati hapo hakuna shabiki aliyechoma jezi akahama timu, asilani. Simba hivyohivyo baada ya zile tano, Jumapili wapo. Timu tunaisamehe hata ikitutoa machozi kila mwaka. Mtu hatumsamehi. Sijawahi kupata anayeweza kunieleza kwa nini, na mkinijibu "ndio mpira ulivyo" sitawaelewa.

Haya sasa Waingereza, zamu yenu. Septemba 2003 Bruno akili ikachoka. Ndoa ilishavunjika, kocha wake wa miaka mingi George Francis alishafariki mwaka uliotangulia, ngumi hakuna, yupo peke yake kwenye lile jumba Essex, mpaka habari zikatoka kwamba alikuwa analala kwenye ulingo alioujenga bustanini. Wakaja kumchukua kwa sheria ya wagonjwa wa akili kumpeleka hospitali. Na gazeti la The Sun, gazeti lililokuwa linauza nakala kwa sura yake, likaandika ukurasa wa mbele kwamba Bruno kichaa kafungiwa. Kwa herufi za kutosha kusoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

Hapa ndo pananishinda. Watu wakapiga simu. Watu wa kawaida, akina yule mzee wa folklifti, wasomaji wa gazeti lenyewe, wakawaka, na matoleo ya baadaye ya siku ileile kichwa cha habari kikabadilishwa kikawa cha huruma. Lile gazeti mpaka likaanza kuchangisha hela za wagonjwa wa akili. Nimejaribu kuwaza kwetu, nyota wetu kapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, picha zimevuja, halafu sisi wenyewe ndo tunapiga simu kuzuia? Sisi tungekuwa tunaomba tutumiwe video inbox.

Lakini, na hapa wale mnaoniita mzungu mnisome vizuri, kwetu yule mtu asingelala kwenye ulingo peke yake hata usiku mmoja. Haiwezekani. Shangazi angeshahamia na mabegi yake, kuna mjomba angekuja na mganga, kuna mama mchungaji wa mtaa angekuja na mafuta, nyumba ingejaa mpaka mgonjwa aombe nafasi ya kukaa. Wangemkosea kwa mambo mengi lakini asingekuwa mpweke. Hawa wanampenda mtu kwa maelfu uwanjani na hakuna wa kumgongea mlango. Bondia Ricky Hatton wa Manchester, 2007 kule Las Vegas maelfu walivuka bahari wakaimba jina lake hata wakati Mayweather anamchakaza (na wimbo wa taifa wa Wamarekani wakauzomea, tabia mbaya kabisa), na Septemba 2025 akakutwa amefariki nyumbani kwake, umri miaka 46, baada ya miaka mingi ya kusema wazi kwamba anasumbuliwa na sonona. Siku ya kumzika barabara za Manchester zilijaa watu. Nilisikitika na nilikasirika pia, na sijui hasira ilikuwa ya nani.

Kwa hiyo msiniwekee maneno mdomoni kwamba huku ndo peponi. Nikipewa nafasi ya kuchanganya ningechukua shangazi zetu na midomo ya Waingereza. Midomo kwa maana ya kunyamaza pale mtu alipoanguka.

Nimalizie na moja ambayo imenitia hasira kuliko zote. 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, fainali ya uzito wa kati. Upande mmoja John Conteh, kijana wa Liverpool mwenye baba kutoka Sierra Leone. Upande wa pili Titus Simba wa Tanzania. Conteh kashinda, dhahabu, na 1974 huyo Conteh akawa bingwa wa dunia wa WBC hapa Wembley. Mpaka leo ukimtaja Liverpool wazee wanavua kofia, na maisha yake baadaye yalikuwa na pombe na vurugu zake, wanajua na wanavua kofia.

Titus Simba kapata fedha. Nchi ina miaka tisa tu ya uhuru, kijana kafika fainali, kapigwa na mtu ambaye baadaye dunia nzima ilipigwa naye. Mtaani kwenu nani anamtaja? Nilimuuliza mpwa wangu, kijana ana picha za mabondia wa Marekani simu nzima, kasema "Simba ya Msimbazi?" Sikumlaumu, angemjulia wapi.

Na usiniambie "ila si alishindwa fainali". Ndio alishindwa. Nimeandika posti yote hii na wewe bado unaniletea alishindwa. Basi wewe uliyekuwa unasambaza vikatuni vya viatu 2022, nitajie mabondia watano wa Tanzania waliowahi kupigwa ambao unawaheshimu mpaka leo. Watano tu, na usiguse Google.