Nauli ya kurudi: wahitimu wetu na safari ya majuu

Kwenye friji ya dadangu huko Kisauni, Mombasa, pamebandikwa kikaratasi kilichoandikwa der Kühlschrank. Mlangoni kuna kingine, die Tür, na kwenye kopo la vijiko, der Löffel. Ni kazi ya binti yake. Alihitimu uuguzi mwaka 2022, akamaliza mafunzo ya kazini, akapata leseni, na tangu hapo anaziba mapengo katika zahanati za watu binafsi: wiki hii zamu tatu, wiki ijayo mbili, nyingine hata moja hakuna. Jioni tatu kila wiki anapanda matatu kwenda Tudor kusoma Kijerumani. Mamake aliishia darasa la saba, lakini siku hizi akitaka kijiko huagiza Löffel, na akiletewa anafurahi kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mwezi uliopita binti huyu aliniuliza, "Mjomba, wewe waonaje, niende?"

Nilimwambia nitafakari kwanza. Naandika haya kwa sababu najua swali hilo linaulizwa katika nyumba nyingi, na mara nyingi majibu hutoka kwa watu wa aina mbili: ajenti anayetaka pesa, na mzee anayeogopa kuachwa peke yake.

Tuanze na yanayowasukuma vijana. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Kiini cha mgomo ule kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Makubaliano ya 2017 yaliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali ikasema inaweza kulipa 70,000. Suala hilo lilikuja kutatuliwa mwisho wa mwaka, lakini kijana aliyekuwa mwaka wa tano wa udaktari wakati ule aliona kila kitu. Aliona kwamba mkataba uliotiwa saini unaweza kupunguzwa hadi theluthi moja, na yeye akaambiwa aipende nchi yake. Wanaowahubiria vijana uzalendo wangeanza kwa kuheshimu saini zao wenyewe. Sioni haki yoyote katika kumbebesha mtu wa miaka 24 deni la taifa zima wakati taifa hilo halijampa hata kandarasi ya mwaka mmoja.

Tena serikali yenyewe ndiyo inayofungua milango. Kuna mpango wake wa Kazi Majuu, wa kuwatafutia Wakenya ajira nje ya nchi. Kuna mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz wakishuhudia. Siku ile habari zilienea kwamba Ujerumani itachukua Wakenya 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha waziwazi: mkataba hauna idadi yoyote, na kila mwombaji lazima atimize masharti yote ya sheria zao za uhamiaji. Sehemu ya pili ya mkataba huohuo inahusu kuwarejesha nyumbani Wakenya wasio na haki ya kukaa kule, nayo haikupigiwa tarumbeta. Kanusho lilisomwa na wachache. Ile robo milioni bado iko vinywani mwa watu, na nimeisikia kwa masikio yangu ikitajwa kwenye mkutano wa wazazi kana kwamba ni nafasi zinazosubiri kujazwa majina.

Upande wa pili una hoja nzito pia, ingawa sizipimi zote kwa mizani moja. Hoja ya baridi na upweke naipita haraka. Watu huzoea, au hawazoei wakarudi. Hoja ya wodi zinazobaki bila wauguzi ni kubwa zaidi, lakini inapaswa kupelekwa kwa wanaopanga bajeti. Mpwa wangu hajakataa kazi ya wodi ya umma. Ameiomba katika kaunti tatu na bado anasubiri majibu. Tuna nchi yenye wodi zinazolia hazina wauguzi na wauguzi wanaolia hawana kazi, na katikati yao kuna fedha ambazo hazikutengwa. Anayeondoka katika hali hiyo hajamnyang'anya mgonjwa yeyote muuguzi wake.

Inayonikaa moyoni ni hoja ya tatu, ambayo ni hilo neno "maisha mapya". Vijana hulitamka kama mtu anayebadilisha shati. Lakini simu ni ileile na namba ni ileile. Mwezi wa kwanza, kabla hujajua hata taka zinatupwa siku gani, utaongezwa kwenye kundi la mchango wa mazishi ya mjomba wa jirani. Mwezi wa pili ni karo ya mdogo wako. Kwa hesabu za Benki Kuu, Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024, kutoka karibu bilioni 4.2 mwaka uliotangulia. Ni fedha nyingi kuliko zinazoletwa na chai. Tunazisoma kama ushindi, na kwa kiasi fulani ni ushindi: mabati mapya, dawa, watoto waliosoma. Lakini kila dola pale ilitoka mfukoni mwa mtu, na baadhi yao walituma kwanza ndipo wakanunua chakula. Mhitimu aliyetangazwa kijijini kuwa yuko majuu hana ruhusa ya kusema hana.

Hapa ndipo penye fundo lenyewe, nami nimeliona kwa karibu katika nyumba ya jirani.

Kijana wao alikuwa na shahada ya biashara ya 2021. Miaka miwili ya kutafuta kazi ikapita, akatokea ajenti mwenye nafasi ya kutunza wazee Uingereza. Viza ya kazi hiyo ilikuwa imefunguliwa kwa wageni tangu Februari 2022, kwa hiyo nafasi haikuwa ya uongo. Uongo ulikuwa katika bei. Hati ya udhamini, ambayo hutolewa na mwajiri na haifai kuuzwa kwa mfanyakazi, aliuziwa kwa laki nane na ushei. Familia ilifanya harambee, ikapata laki mbili. Zilizobaki zilitoka kwenye ekari mbili za minazi huko Kaloleni, shamba la babu yao. Akaenda 2023. Miezi mitano baadaye kampuni iliyomleta ikanyang'anywa kibali cha kuajiri wageni, naye akapewa siku 60 apate mdhamini mwingine au aondoke. Nakumbuka mamake akinionyesha ujumbe wake kwenye simu: "Mama, wangesema nirudi leo ningerudi. Lakini narudi wapi?"

Alikuwa na pasipoti. Nauli ingechangwa. Kilichomzuia ni ile minazi. Angerudi kwenye kijiji ambacho kila mtu alijua ni nini kimeuzwa kwa ajili yake. Akabaki, akaishi kwa vibarua vya kujificha, na nafasi ya kujinasua kihalali ikampita: tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga kabisa mlango wa kuajiri watunza wazee wapya kutoka nje.

Hadithi yake ni ya mtu mmoja, lakini katika eneo la Bonde la Ufa kaunti nzima ilipita njia inayofanana. Wazazi wa Uasin Gishu walilipa mamia ya maelfu ili watoto wao wakasome Finland na Canada kupitia mpango uliobeba jina la kaunti. Wengine waliuza ng'ombe na ardhi. Mwaka 2023 waliandamana Eldoret wakidai pesa zao, huku waliofika Finland wakihofia kurudishwa kwa kukosa karo, na mambo yakafika mahakamani. Ikiwa mpango wenye muhuri wa serikali ya kaunti uliwaacha watu njiani, ajenti mwenye ofisi ya chumba kimoja na mabango ya mnara wa Eiffel hastahili kuaminiwa kwa maneno matupu.

Kwa hiyo swali la "niende au nibaki" naona linaulizwa vibaya. La kwanza kuulizwa ni: ukishindwa, unaweza kurudi? Deni la kwenda ndilo linalogeuza safari kuwa kifungo. Anayeondoka bila kuuza kitu cha watu, akiwa na nauli ya kurudi mahali salama, anaweza kumwambia mwajiri mbaya kwaheri. Ambaye minazi imeuzwa kwa ajili yake hawezi.

La pili ni cheti. Watu husema "nina digrii" kama kwamba digrii zote husafiri sawa. Uuguzi husafiri, lakini kwa masharti: Ujerumani cheti chako lazima kitambuliwe rasmi, na bila Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani cha juu ya wastani, au wakati mwingine B1, kilicho chini yake, utahesabiwa msaidizi na kulipwa kama msaidizi hata ukiwa na uzoefu wa miaka kumi. Shahada ya sheria karibu haisafiri kabisa. Wakili wa Kenya akifika kule anaanza upya. Biashara na sayansi ya jamii husafiri kwa shida, na wengi wenye shahada hizo huishia ghala au jikoni. Kuna pia kadi ya fursa ya Ujerumani, iliyoanza Juni 2024, inayomruhusu mtu mwenye cheti kinachotambulika kukaa hadi mwaka mmoja akitafuta kazi. Inavutia mpaka usome sharti la fedha: kwa mwaka 2025 lilikuwa yuro 1,091 kwa kila mwezi, yaani zaidi ya yuro 13,000 zionekane benki kabla hujaondoka. Kwa shilingi zetu zinakaribia milioni mbili. Kibarua unachoruhusiwa wakati unatafuta ni saa 20 kwa wiki. Mtoto wa mwenye pesa atakuona mwoga ukiikosoa kadi hiyo. Mtoto wa dadangu ataihesabu mara moja na kuiweka kando.

Nayo lugha tusiidharau kwa kuwa tumesoma kwa Kiingereza. Kenya na Uingereza zilikubaliana kuhusu wauguzi Julai 2021. Mwaka uliofuata, aliyekuwa waziri wa afya, Mutahi Kagwe, akasema hadharani kwamba kati ya wahudumu 300 wa kwanza waliopelekwa kufanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa kumi. Wauguzi wale hawakuwa wajinga. Mtihani una namna yake, na hawakuandaliwa.

Kuna jambo dogo ambalo ajenti hatakutajia, kwa kuwa halimpi kitu: mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu. Mkopo huo hausahau mtu kwa sababu amepanda ndege. Ukianza kudaiwa na hulipi, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Nawafahamu wawili waliofanya hesabu yake baada ya miaka minne ughaibuni, wakakuta faini peke yake imefika laki mbili na ushei.

Kwa upande mzuri, Katiba ya 2010 iliruhusu uraia pacha, na Ujerumani nayo imeruhusu tangu Juni 2024. Anayeondoka leo halazimiki kuchagua bendera moja, na hilo linanipa moyo kuliko hotuba zote za Berlin. Kizazi cha kabla yao kilikwenda kikijua kwamba kupata kitabu cha kule ni kupoteza cha huku.

Basi nilirudi Kisauni Jumapili nikamjibu mpwa wangu. Nilimwambia aende, lakini asiende mwaka huu. Amalize B2 kwanza kwa pesa za zamu zake. Atafute mwajiri anayelipia mchakato wa kutambuliwa cheti mwenyewe, na wapo. Asikubali harambee, na kiwanja cha Mtwapa kisiguswe, hata mamake akilia kwamba yuko tayari. Tayari ana akaunti kwenye chama cha akiba, na humo kuna elfu 31 alizoziita "za kurudi". Alinionyesha bila mimi kuuliza.

Jambo ambalo sikuwa na jibu lake ni presha ya mamake. Miaka mitatu sasa binti ndiye anayempima asubuhi, ndiye anayejua dawa ipi ikiisha inapatikana wapi. Nilipokuwa nikinywa chai alimwita mdogo wake, kidato cha tatu, akamfungia mama mkanda mkononi huku kijana akiangalia. Kisha akaufungua, akampa yeye. Alifunga chini mno, akaambiwa apandishe. Mara ya tatu mashine ikasoma 148 kwa 92. Kijana akachukua daftari la hesabu, akaandika tarehe, akaandika namba zile mbili, na pembeni yake, kwa herufi ndogo, jina lake.