Eti "nimeshaumaliza" ule msitu

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeinama pale msitu unapoanzia, naziba pancha ya gurudumu la nyuma, kijana mmoja akachomoka mitini na baiskeli inang'aa utadhani bado ina karatasi za dukani. Akasimama, akabonyeza saa yake, akaitazama, akatabasamu. Nikamsalimu, nikamwuliza mvua ya usiku imeachaje huko ndani. Akanijibu: "Kawaida tu, mzee. Huu nimeshaumaliza. Wiki ijayo natafuta mwingine."

Hilo la "mzee" nimelisamehe. Hilo la "nimeshaumaliza" limenikaa kooni mpaka leo.

Ameumaliza nini? Amefuata mstari mwekundu kwenye simu aliyoifunga usukanini, kilomita kumi na kitu, mara moja, upande mmoja, akatokea alikoingilia. Mimi huu ni mwaka wa nne namo humo humo, na bado kuna kona inanifanya nimeze mate kabla sijaifikia.

Acheni niwaeleze hiyo kona. Unateremka, unapita gogo kubwa lililoanguka, kijia kinakata kulia, na hapo katikati ya kona umelala mzizi mmoja, mshazari, unene wa kifundo cha mkono. Kiangazi hutauona hata kidogo, utasikia tu shokomzoba inagugumia. Lakini matairi yamekwisha kuuchubua ganda lote. Ukilowa unakuwa sabuni. Mwaka wa kwanza niliufikia huku nimekamata breki zote mbili na usukani nimeupinda. Gurudumu la mbele likateleza kufuata mzizi, mimi nikaendelea na safari yangu peke yangu. Kiwiko cha kushoto kina alama.

Wiki iliyofuata nilirudi, nikashuka, nikaegesha baiskeli kwenye mti na kutembea pale kwa miguu, juu na chini, mara tatu, kama mtu aliyepoteza funguo. Ndipo nikaona kitu ambacho kwa kasi nisingekiona hata kwa miaka kumi: upande wa juu kuna kaubavu ka udongo mgumu. Ukipanda hapo mapema, mzizi unaukata sawasawa, msalaba kabisa, badala ya kuupitia mshazari. Kinachobaki ni kufunga breki mapema, kabla ya mzizi, kisha kuziachia. Tairi ina mshiko wa kiasi fulani tu. Ukiutumia wote kwa breki, hubakiwi na wa kukuzuia usiende pembeni.

Hiyo ni kona moja. Msitu una kona ngapi?

Ndiyo maana nasema mgeni wa vijia vya msituni aanze kwa kuvipanda, hata vile ambavyo kila mtu anavishuka. Ukipanda unakwenda mwendo wa kobe, unaona kila jiwe lilivyokaa. Ukishuka unaona woga wako tu. Halafu virudie. Virudie siku ya jua, virudie siku moja baada ya mvua, virudie jioni mwanga unapochezacheza na vivuli na kila kivuli kinafanana na shimo.

Wale jamaa wa Marin, kaskazini mwa San Francisco, ambao watu wengi huwataja mwanzo wa mchezo huu wa baiskeli za milimani unaposimuliwa, mwaka 1976 walianza kushindana kuteremka mlima mmoja tu. Mteremko wenyewe waliuita Repack, kwa sababu breki za kurudisha pedali nyuma zilichemka mpaka grisi ikaungua, na ukifika chini ilibidi kuifungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kuipaka grisi upya, ndiyo "repack" ya Kiingereza. Mbio baada ya mbio waliurudia mteremko ule ule, na kilichomtofautisha mtu na mwenzake kilikuwa sekunde. Mmoja wao, Gary Fisher, aliwahi kuushuka kwa dakika 4 na sekunde 22. Sidhani kuna aliyefika chini mara ya kwanza akatangaza kwamba ameumaliza.

Haya, haya, simu ina faida. Nakiri kwa shingo upande. Jioni moja giza lilinikuta kwenye njia panda ambayo naapa asubuhi haikuwapo, na ule mstari kwenye kioo ndio ulionifikisha barabarani. Lakini ramani hizo za OpenStreetMap huchorwa na watu wa kawaida wa kujitolea. Mstari wa kijia ni kumbukumbu ya siku ya mtu mwingine. Mti ulioanguka jana haumo.

Upepo wa tairi: punguza kidogo kuliko unavyozoea barabarani, tairi iukumbatie mzizi badala ya kuudundia. Watembea kwa miguu: punguza mwendo, salimia, wapishe. Sitaki mjadala hapo.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Kile kijia cha bondeni, nilipokifahamu, kilikuwa na upana wa mabega ya mtu. Leo gari dogo lingepita. Kwa nini? Kwa sababu pana dimbwi, na kila mwenye baiskeli safi analikwepa pembeni, anayemfuata anakwepa pembeni ya pembeni, na majani yanakufa. Pita katikati ya tope, utaoga nyumbani. Ukiona tope limezidi, rudi siku nyingine. Na wale wanaokata kona kwa kuteremka moja kwa moja: wajenzi wa vijia wana kanuni kwamba mwinuko wa kijia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, ili maji yavuke kijia na kwenda zake. Ukishuka wima umeyachimbia maji mfereji, na mvua haijui kukataa mwaliko. Aliyeumaliza msitu hatarudi kuuona huo mfereji. Tutauona sisi tusioumaliza, tukiwa tumebeba baiskeli mabegani.

Basi kijana akaenda zake. Mimi nikamaliza kiraka changu, nikajaza upepo, nikaingia. Gogo likapita. Nikapanda ule ubavu mapema, nikaziachia breki, mzizi nikaukata sawasawa, safi kabisa, nikatamani angekuwapo kuona. Mita kumi mbele, kwenye majani makavu mahali ambapo kwa miaka minne sijawahi hata kupatupia jicho, gurudumu la mbele likaniaga.

Kiwiko cha kulia sasa nacho kina alama.